Kula Kiazi, Bakiza Kichwa: Somo la Kiazi Kikuu



Mwezi huu somo letu ni juu ya mmea ambao watu wengi waliuacha nyuma walipohamia mashamba ya skimu. Mtu anapohama huchukua mbegu za mahindi na maharagwe, huchukua mbuzi na kuku wake, na pengine machipukizi machache ya migomba. Lakini kiazi kikuu hakihamishwi upesi hivyo. Kimejizungusha juu ya mti wake, na mti haupandi lori. Kwa hiyo kilibaki kule kwa wazee, na watoto waliozaliwa katika skimu wanakijua kwa kukiona sokoni tu, kimekatwa vipande na kupangwa juu ya gunia.

Huenda ukasema: Hasara iko wapi? Mahindi tunayo, na viazi vya kizungu tunavyo. Hayo ni kweli. Lakini waijua vizuri ile miezi ambayo ghala limekwisha, na mahindi ya shambani bado hayajabeba. Katika miezi hiyo ndipo mkulima anapomwuza mbuzi ambaye hakutaka kumwuza, au anapokopa gunia dukani kwa bei apendayo mwenye duka. Sisi makarani wa ofisi ya kilimo twayajua hayo, kwa maana watu huja dirishani petu kuuliza kama kuna msaada wa chakula. Mtu mwenye mashina ishirini ya viazi vikuu yaliyotunzwa vema anacho chakula ardhini. Chakula hicho hakihitaji ghala, wala dawa ya kuua dumuzi. Wahenga walisema akiba haiozi, na kiazi kikuu ni akiba ya namna hiyo, mradi ujue namna ya kuichukua bila kuimaliza.

Hilo la mwisho ndilo jambo kubwa la somo hili. Soma polepole, na kama kuna mzee nyumbani anayekijua kiazi hiki, msomee naye asikie. Huenda akaongeza maneno ya maana.

MMEA WENYEWE

Viazi vikuu ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 600. Wataalamu wa mimea huuita Dioscorea, kwa kumkumbuka Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza aliyeandika juu ya mimea ya dawa. Afrika Magharibi, toka Kodivaa hadi Kameruni, ndiko vinakolimwa kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani. Nigeria peke yake hutoa zaidi ya nusu ya viazi vikuu vyote vya dunia.

Hapa Kenya, aina iliyopandwa tangu zamani katika nchi za Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru ni ile iitwayo na wataalamu Dioscorea minutiflora, yaani yenye maua madogo sana. Wakikuyu hukiita gikwa, na vikiwa vingi ni ikwa. Asili yake ni msituni. Mpaka leo mmea huu huota wenyewe katika misitu ya Afrika, tangu magharibi ya bara hadi kwetu, ukipanda juu ya miti mikubwa kutafuta jua. Shina lake ni jembamba na gumu, lenye miiba karibu na ardhi. Jani lake ni moja zima, halikugawanyika, nalo lina ncha iliyochongoka.

Sasa shika tofauti hii, maana kazi yote inaitegemea. Viazi vikuu vinavyolimwa sana Afrika Magharibi hukauka majani kila kiangazi. Majani yakikauka, mkulima wa huko huchimba shamba lake, huweka mbegu, na mvua zikirudi hupanda tena upya. Kiazi chetu cha msituni si hivyo. Majani yake ni mabichi mwaka mzima. Mmea haufi wala haulali, bali unaendelea kutengeneza chakula na kukishusha chini mwaka baada ya mwaka. Kwa sababu hiyo hakina msimu mmoja wa kuvunwa, wala hakipandwi upya kila mwaka. Shina lililotunzwa laweza kukulisha wewe, na baadaye kumlisha mwanao.

Ukifukua udongo chini ya mmea huu utaona sehemu tatu. Juu ni mashina yapandayo mtini. Katikati, karibu na uso wa ardhi, pana kichwa kigumu kama kipande cha mti. Chini ya kichwa vinashuka viazi vyenyewe. Kichwa ndicho chenye uhai. Kiazi ukikikata, kichwa kitatoa kingine. Lakini kichwa ukiking'oa, umemaliza jambo.

KWA NINI HAKIONEKANI KATIKA SKIMU

Mwaka 1962 serikali ilianza mpango mkubwa wa kununua mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuwagawia wananchi, mpango uliojulikana kwa jina la Ekari Milioni. Familia nyingi zilipewa ardhi iliyokuwa ya malisho au ya ngano. Ardhi hiyo ilikuwa wazi, imekwisha kung'olewa miti ili trekta ipite. Kwa jembe la kukokotwa ilikuwa nzuri kabisa. Lakini mmea wa msituni uliletwa wapi, nao hauna mti wa kupanda?

Tena kulikuwa na mkopo wa kulipa. Mwenye shamba alipaswa kufikiri kwanza juu ya ng'ombe wa maziwa, pareto na mahindi, yaani vitu viletavyo fedha. Mmea unaotaka kungojewa miaka miwili haukupata nafasi. Hatuwalaumu waliofanya hivyo, maana deni halingoji. Lakini mkulima aliyekwisha kukaa, mwenye nyumba na ua, hana sababu tena ya kuishi kama mtu aliyefika jana.

Hata hivyo, si kila skimu inafaa. Kiazi kikuu hakipendi baridi kali, na sakitu hukiunguza. Kama shamba lako liko Kinangop au mahali pengine pa juu namna hiyo, usipoteze nguvu zako. Huko viazi vya kizungu na kabichi ndivyo vyenye nchi. Kanuni rahisi ni hii: pale kahawa inapostawi, kiazi kikuu nacho kitastawi. Chataka mvua za kutosha na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Penye maji yaliyosimama, kiazi huoza.

KWANZA NGUZO ILIYO HAI

Watu wengi wakisikia habari hizi hukimbilia kutafuta mbegu. La, anza na nguzo. Mmea huu hupanda juu, na usipopata mahali pa kupanda hutambaa chini, majani hufunikana, na viazi huwa vidogo.

Nguzo kavu haifai kwa mmea wa miaka mingi. Mchwa wataila, na siku moja upepo utaiangusha pamoja na mmea wote, nacho kichwa kitatikiswa na kuraruka. Wazee wa nchi za mlima walijua hayo, ndiyo sababu walitumia nguzo iliyo hai. Mti waliouchagua kuliko yote ni mukungugu, ambao wataalamu huuita Commiphora eminii. Gome lake ni la kijani, nalo hubambuka kama karatasi nyembamba. Kivuli chake si kizito. Majani yake mbuzi huyala. Na jambo lililo zuri zaidi ni kwamba huota kwa kipande cha tawi, bila kitalu wala mbegu. Mahali ambapo mukungugu haupatikani, muhuti wenye maua mekundu waweza kutumika, nao huota kwa kipande vilevile.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, aliandika kwamba kati ya Wakikuyu kupanda viazi vikuu na kuvitafutia miti ya kuvishikilia kulikuwa kazi ya wanaume. Natumaini akina baba wanaosoma hapa wamesikia.

Fanya hivi:

1. Mwisho wa kiangazi, mti ukiwa hauna majani, kata matawi yaliyonyoka, yenye unene wa mkono wa mtu mzima na urefu wa futi 7 hivi.
2. Yaweke kivulini siku chache mpaka kidonda cha panga kikauke. Tawi likipandwa na kidonda kibichi huoza upesi.
3. Chimba shimo la futi 1 na nusu. Simamisha tawi, upande uliokuwa chini mtini ubaki chini. Rudisha udongo na uushindilie kwa mguu.
4. Acha nafasi ya futi 6 kati ya nguzo na nguzo.
5. Usimfunge ng'ombe wala mbuzi kwenye nguzo mpya. Mnyama akiivuta, mizizi haishiki.

Usitumie mkalitusi. Mti huo hunywa maji mengi, na kiazi kilicho chini yake kitabaki na kiu.

Neno moja juu ya mpaka. Zamani miti ya namna hii ilionyesha mwisho wa shamba la mtu, na kila jirani aliiheshimu. Leo mpaka wako ni ule uliopimwa na kuandikwa katika hati, na alama yake ni bikoni. Usiotoe mti juu ya bikoni, wala usipande juu ya mstari wenyewe bila kupatana na jirani. Ingia ndani ya shamba lako hatua 2 au 3. Ugomvi wa mpaka hula fedha nyingi kuliko viazi vitakavyopatikana.

KUPANDA KIAZI

Nguzo zikishika na kuchipua, ndipo utafute mbegu. Mbegu ya kiazi hiki si punje. Ni kichwa, au kipande cha kichwa, kutoka kwa shina la mtu mwingine. Mwombe jamaa yako aliyebaki nchi ya wazee, au nunua kwa mkulima ambaye umeyaona mashina yake kwa macho yako. Usichukue kutoka kwa shina lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya manjano, maana ugonjwa husafiri pamoja na mbegu.

Kichwa kikubwa chaweza kukatwa vipande kwa kisu kikali. Kila kipande kiwe na ngozi yake ya nje, kwa sababu chipukizi hutokea ngozini. Paka majivu ya kuni mahali palipokatwa, kisha acha vipande kivulini siku moja au mbili.

Kabla ya mvua za Machi, au zile za Oktoba, chimba shimo hatua 1 kutoka kwenye nguzo. Liwe na upana wa futi 2 na kina cha futi 2. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na karai 2 za samadi iliyooza vema, uurudishe shimoni, na upande kipande chako karibu na uso wa ardhi, inchi 4 hivi chini. Funika kwa majani makavu ili unyevu usitoke. Shimo hilo ni refu kwa sababu kiazi hushuka chini. Kikikuta udongo mgumu hujipinda, na kiazi kilichopindika ni taabu kukichimba na taabu kukimenya.

Usikate tamaa kama hakichipui mara moja. Huenda majuma kadhaa yakapita. Kikichipua, kielekeze kwenye nguzo kwa kijiti au kamba laini. Baada ya hapo kitajua njia chenyewe. Kazi yako iliyobaki ni kupalilia, kuongeza samadi kila mwaka, na kupunguza matawi ya nguzo ili jua lipenye. Matawi uliyopunguza wape mbuzi.

KUCHIMBA NA KUBAKIZA

Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu akiwa na njaa hushika jembe na kung'oa. Siku hiyo hula, na hula vizuri. Kisha shimo hubaki tupu, na baada ya mwaka mmoja nguzo inasimama peke yake kama mjane.

Kwa mwaka wa kwanza usichimbe kabisa. Acha mmea ukae na ujenge kichwa chake. Baada ya miaka 2 anza kuchukua, kwa namna hii:

1. Usitumie jembe karibu na kichwa. Fungua udongo wa pembeni kwa jembe, halafu endelea kwa mti uliochongwa ncha na kwa mikono.
2. Fungua upande mmoja tu wa kichwa. Upande wa pili usiuguse. Viazi vyake vinaendelea kuulisha mmea.
3. Kiazi kikionekana, kikate kwa kisu, ukibakiza kipande cha urefu wa kidole kilichoshikana na kichwa.
4. Paka majivu mahali ulipokata.
5. Rudisha udongo siku hiyo hiyo, uongeze samadi, na ufunike kwa majani makavu.
6. Usikate mashina ya juu. Majani ndiyo jiko la mmea.
7. Mwaka ujao chimba upande ule mwingine.

Usidhani kwamba haya ni mashauri ya ofisini tu. Katika misitu ya kusini-mashariki ya Kameruni wako watu waitwao Wabaka, ambao wamekula viazi vikuu vya msituni vizazi vingi. Mtaalamu Mfaransa, Edmond Dounias, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 2001 jinsi wanavyofanya. Wakikipata kiazi, hukichimba wakakitoa, lakini kichwa hukiacha kikiwa kimeshikana na shina lake, na kukifukia tena kwa udongo. Baada ya muda hurudi kwenye shina lilelile na kukuta kiazi kingine. Watu hao hawakusoma katika chuo cha kilimo, wala mmea huo hawakuupanda wao. Hata hivyo hawauui, kwa sababu wanakumbuka kwamba kesho nayo ina tumbo. Je, sisi tuliopanda kwa mikono yetu, tutashindwa?

HESABU KIDOGO

Mimi nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, kwa hiyo mnisamehe nikiwapa hesabu.

Tuseme mkulima ana mashina 24 katika mstari mmoja. Nafasi kati yake ni futi 6. Nafasi ni 23, maana shina la kwanza halina jirani upande mmoja. Basi 23 mara 6 ni futi 138. Ekari moja yenye pande sawa ina urefu wa futi 209 hivi kila upande. Kwa hiyo mstari wote umekaa upande mmoja wa ekari moja, na nafasi imebaki. Katikati ya shamba hukugusa hata hatua moja. Mahindi yako yako palepale.

Sasa, mkulima huyo akichimba mashina 2 kila mwezi, mwezi wa 12 atakuwa amefika shina la 24. Mwezi unaofuata atarudi kwenye shina la kwanza, nalo limepumzika mwaka mzima. Kila mwezi ana kitu cha kutia sufuriani, na hakuna shina lililosumbuliwa mara mbili katika mwaka mmoja.

Akitaka, ataacha miezi ya mavuno ya mahindi bila kuchimba, na kuchimba mashina 4 au 5 katika miezi ile ya ghala tupu. Akiba ni yake. La muhimu ni kwamba aweke alama. Funga utepe wa rangi kwenye nguzo uliyochimba mwaka huu, au andika katika daftari. Usitegemee kukumbuka, maana njaa husahaulisha.

VISIVYOLIWA

Si kila mmea ufananao na kiazi kikuu ni chakula. Watu wamekufa kwa kula aina za porini walizozidhania. Shika mambo haya matatu, uwafundishe na watoto.

Kwanza, ukiona jani limegawanyika sehemu tatu kama jani la maharagwe, acha. Aina hiyo, Dioscorea dumetorum, ina sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Wakati wa njaa kubwa wako watu waliokula aina hii baada ya kuikata vipande vyembamba na kuiloweka siku nyingi katika maji yanayokwenda, lakini hiyo si kazi ya mtu asiyefunzwa.

Pili, ukiona jani kubwa sana lenye ncha ndefu kama mkia, nalo limebeba viazi vidogo juu shinani, acha. Hiyo ni Dioscorea sansibarensis, iliyopewa jina la Unguja, nayo ina sumu.

Tatu, ile aina nyingine inayozaa viazi hewani, Dioscorea bulbifera, ina mimea ya nyumbani inayoliwa na mimea ya porini iliyo michungu yenye sumu. Usile ya porini.

Na hata kile kilicho chakula, usikile kibichi. Kiazi kikuu hupikwa.

USIENDE KUCHIMBA MSITUNI

Mtu aweza kujiambia: Kwa kuwa mmea huu uko msituni, nitaingia na panga nitoe vichwa kumi nipande kwangu. Usifanye hivyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu wa serikali bila ruhusa, na faini yake si ndogo. Na zaidi ya sheria, hujui kama ulichochimba ni kile kiliwacho au ni ndugu yake mwenye sumu. Kichwa kilichotoka kwa mkulima kimekwisha kuonjwa na watu wa nyumba nzima.

Mmea wa msituni nao una kazi yake. Aina tulizo nazo mashambani zilitoka huko kwa mikono ya wazee waliochagua tamu na kuacha chungu. Siku ugonjwa utakapozishika zetu, huko ndiko tutakakotafuta nyingine. Basi na huko tubakize kichwa.

JIKONI

Akina mama wengi wanajua kupika kiazi hiki kuliko karani. Lakini kwa wale wasiokizoea, haya machache.

Kiazi kibichi huwasha mikono. Paka mafuta kabla ya kumenya. Kata vipande, osha, chemsha mpaka kisu kipite bila taabu. Waweza pia kukichoma katika majivu ya moto na ngozi yake, kisha kuimenya. Huliwa asubuhi kwa chai, na mtu aliyekula hawezi kutafuta mandazi ya dukani kabla ya saa sita.

Lakini usidhani kiazi peke yake ni chakula kamili. Katika gramu 100 za kiazi kikuu kibichi mna kama gramu 28 za wanga, yaani nguvu ya kazi, lakini protini, ambayo huujenga mwili, ni gramu 1 na nusu tu. Kwa hiyo mtoto asipewe kiazi kitupu. Mpe pamoja na maharagwe, maziwa, au yai.

Kiazi kilichochimbwa kisikae juani. Kiweke kivulini, mahali penye hewa, na chenye kidonda kiliwe kwanza. Lakini ghala lililo bora la kiazi hiki ni lile lile lililokikuza. Kama huna haja nacho leo, kiache ardhini. Nungu na fuko ndio wezi wake. Ukiona wamefukua, weka miiba na mawe kuzunguka shina.

MASWALI

Jibu maswali haya bila kurudi nyuma kusoma. Kisha rudi ujisahihishe.

1. Kwa nini kiazi kikuu cha nchi ya mlima hakina msimu mmoja wa kuvunwa?
2. Eleza kwa nini nguzo iliyo hai ni bora kuliko nguzo kavu.
3. Tawi la mukungugu huwekwa kivulini siku chache kabla ya kupandwa. Kwa sababu gani?
4. Unapochimba, unabakiza vitu gani?
5. Mkulima ana mashina 36, naye anataka kila shina lipumzike mwaka mzima. Achimbe mangapi kwa mwezi? Mstari wake una urefu wa futi ngapi?
6. Jani lililogawanyika sehemu tatu lakuambia nini?

Aliyejibu yote amesoma vema. Lakini jibu la kweli litaonekana shambani. Mwisho wa kiangazi kijacho, kata matawi hata kama ni 6 tu, uyasimamishe upande mmoja wa shamba lako. Ukishindwa kupata mbegu, mwulize afisa wa kilimo wa wadi yako. Huenda anawajua wakulima wenye mashina. Wewe nawe, siku mashina yako yatakapokuwa na vichwa vikubwa, mkatie jirani kipande. Mmea huu haukufika kwetu kwa duka. Ulifika kwa mtu mmoja kumkatia mwenzake.